Fyuzi ya ampea ishirini niliyoiweka kwa mkono wangu, kiwanda cha barafu Kismayu

Wakuu, salaam aleikum. Mimi ni mzee, mjukuu wangu ndiye anayechapa. Sina sababu ya kudanganya katika umri huu.

Juzi kijana mmoja aliuliza humu: fyuzi ya output ya PLC yake inakatika kila siku, je, aweke kubwa zaidi?

Nimekosa usingizi kwa swali hilo.

Mimi ni Mbajuni wa kisiwa cha Chovae. Zama za Mtaliana, miaka ya mwisho mwisho kabla ya bendera ya uhuru, nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha barafu Kismayu. PLC, hizi kompyuta ndogo zinazowasha na kuzima mashine kupitia output zake, hatukuzijua. Tulikuwa na rilei ukutani, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, kila moja na fyuzi yake ndogo ya ampea mbili.

Fyuzi ya winchi ya kunyanyulia kalibu za barafu ikaanza kukatika. Naweka, inakatika. Chumvi ilishakula waya wa taa ya ishara ya winchi, uliopitia fyuzi hiyo hiyo, lakini kutafuta palipoharibika kulitaka kusimamisha kazi.

Msimamizi wetu Mtaliana akasema, "Weka ishirini. Meli inasubiri barafu."

Nikamwambia mguso wa rilei unabeba ampea nne tu.

"Wewe weka."

Nikaweka. (Msiniulize kwa nini. Nimejiuliza maisha yangu yote.)

Siku ya tatu, asubuhi, ule waya ukagusa chuma. Fyuzi ya ishirini haikushtuka hata kidogo. Mguso wa rilei ndio uliopata moto, ukagandana kama umechomelewa.

Athumani, mwenzangu wa kisiwa cha Kudha, ndiye aliyekuwa kwenye winchi. Aliachia kitufe ili anyooshe mnyororo uliojipinda.

Winchi haikusimama.

Nilisikia akiita jina langu. Nikakimbilia swichi kuu, nikaikata. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye kapi. Vidole viwili vilikwenda.

Jioni ile msimamizi akaandika kwamba Athumani alizembea. Akanisogezea kalamu niwe shahidi. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga.

Nikatia sahihi.

Athumani akafukuzwa, akarudi kwao. Mimi nikabadilisha waya, nikarudisha fyuzi ya mbili, wala sikumwomba mtu ruhusa. Haikukatika tena mpaka naondoka pale.

Ilinichukua mwaka mzima kwenda Kudha. Nilimkuta kibarazani, anasuka wavu kwa vidole vilivyobaki. Nikaanza, "Ndugu yangu, ile fyuzi..."

Akanikata kwa Kibajuni chetu. "Najua. Mchu asiye na hatia hakai mwaka bila kuja kunijulia hali."

Kisha akamwita mkewe alete chai. Nikainywa. Sijawahi kunywa kitu kizito kama kile.

Kwa hiyo, kijana: usiweke kubwa. Pima output yako inabeba kiasi gani, pima mzigo unavuta kiasi gani, fyuzi ikae katikati. Kila output na yake, usizifunge zote kwenye moja. Ikiendelea kukatika, simamisha mashine utafute waya ulioharibika, bosi apige kelele anavyotaka.

Nimechoka, nitasoma majibu yenu kesho. Nani humu amewahi kuambiwa "weka kubwa", na alifanya nini?