Pembe ya Kushoto ya Picha

Bi Lenzi, kama majirani walivyomwita fundi huyo wa kamera, alikuwa akijaribu lenzi ya zamani inayochukua eneo pana. Kwanza aliielekeza upande wa jua, akaona mwanga umetapakaa picha nzima kama maziwa yaliyomwagika. Hilo alilitarajia. Kisha akalipiga picha jengo la ghorofa lililo mkabala na duka lake, alimoishi na baba yake, apate kujua kama pembe za picha zinatoka wazi, bila ukungu.

Alipoikuza pembe ya kushoto kwenye kompyuta, alisogeza uso karibu na kioo. Kwenye roshani ya nyumbani kwao alikuwepo baba yake, amesimama wima, ameshika ukingo. Mzee huyo alipooza miguu miaka miwili iliyopita, na asubuhi hiyo hiyo Bi Lenzi mwenyewe ndiye aliyemketisha kitini.

Alivuka barabara mbio, viatu kaviacha dukani. Akamkuta kitini, jasho linamtiririka.

"Baba, nimekuona kwenye picha. Umesimama."

Mzee alijifuta jasho. "Wiki ya tatu sasa, mwanangu. Sikutaka uanze kutumaini halafu nianguke."

Bi Lenzi alisimama mbele ya kiti. Akamnyooshea mikono, na baba yake akainuka.