Chungu Anachoweza Kukiinua Melvina

Melvina Snook alifunga kaa wa baharini kwenye maboksi kwa miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha hapa kijijini kwetu, Hoopers Arm, na miaka ishirini na miwili kati ya hiyo nilisimama kushoto kwake. Kwa hiyo mtu asinisimulie habari za ukaidi wake. Msimamizi mmoja mgeni aliwahi kumwamuru apime kila boksi kwenye mizani. Melvina akamjibu kwamba mikono yake inajua uzito, mizani ndiyo ikapimwe. Wakabishana mpaka fundi akaitwa, na kweli, mizani ilikuwa na kasoro. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsogelea na mizani.

Lakini maji ya barafu hayasamehe. Vidole vyake sasa vimepinda kama tangawizi, na kuna asubuhi havikunjiki wala havikunjuki. Dawa za hospitali zilimuunguza tumbo, akaziacha.

Mwaka juzi, mwezi wa Agosti, binti yake Trudy alikuja likizo kutoka Alberta, huko walikohamia nusu ya watoto wetu. Akamkuta mama yake amebana chupa ya bitiruti kwenye droo, anapigana na mfuniko. Siku ile Trudy aliichukua chupa, akamfungulia. Kesho yake alisema yote: nyumba iuzwe, mama ahamie kwake, chumba kipo. Melvina akakataa. Walivutana wiki nzima, mpaka Jumapili, tukiwa mezani tunakula nyama ya chumvi na kabichi, Trudy akatoa sharti.

"Nakupa mpaka Pasaka, mama. Nikirudi nikakuta mambo yako unafanya mwenyewe, sitafungua mdomo tena. Nikikuta Mjomba Hedley ndiye mikono yako, tunapanda ndege pamoja."

"Shoga yangu huyu ni shahidi," Melvina alimwambia Trudy akinionyesha kwa uma. "Usije ukageuka."

Hedley Pardy ni mdogo wake Melvina, ana miaka sitini na minane na anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Ni mtu mwema, mwenye mgongo mzima na mdomo usiofungwa. Akikupasulia ukuni mmoja, mpaka jioni kijiji kizima kimejua.

Sasa, wazo la bangi lilitoka kanisani. Mama mmoja wa kwaya alimwambia Melvina kwamba siagi ya bangi, kidogo tu kwenye mkate wa molasi, haimponyi goti lake ila inayafanya maumivu yakae pembeni. Duka la bangi liko mjini, kilomita tisini, na kuanzia Desemba barabara ile ni mali ya theluji. Ila sheria yetu inaruhusu miche minne kwa kila nyumba. Melvina akaagiza mbegu, akaning'iniza taa katika chumba cha zamani cha Trudy, chini ya picha za wavulana wa bendi ambazo hazijabanduliwa mpaka leo.

Ikabaki kuchagua chungu, na hapo ndipo tulipokosea sote. Kwetu kila nyumba ina ndoo za nyama ya chumvi, zile nyeupe za plastiki, karibu lita ishirini. Nyama ikiisha, ndoo haitupwi. Tunachumia matunda ya porini, tunapigia deki, tunazikalia tukivua kwenye barafu, na mjane mmoja alileta majivu ya mumewe kanisani ndani ya ndoo hiyo, wala hakuna aliyeshangaa. Hedley akaja na nne. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ikikubana kwa idadi, wewe ipige chenga kwa ukubwa: miche ni minne tu, basi kila mmoja upewe shamba zima. Tuliona ana akili. Akazisuuza kwa haraka, akatoboa matundu chini, akazijaza udongo, akazipandisha ngazi moja moja huku akihema kwa makusudi ili tumwone.

Miche ilichomoza midogo kama kifungo cha shati katikati ya uwanja wa udongo. Maji ya kifuu ni bahari kwa mdudu chungu, na kwa mche wa siku tano kikombe cha mtindi ni shamba tosha. Sisi tuliupa lita ishirini. Mizizi haikuwa na nguvu ya kuyanywa yale maji yote, udongo ukakaa tope wiki mbili. Kisha ncha za majani zikaungua, zikawa kahawia. Melvina akachota udongo kidogo, akauweka ulimini, akanitazama.

"Chumvi," alisema.

Plastiki ilikuwa imekunywa chumvi ya miaka, na Hedley hakuziloweka ndoo hata siku moja. Katikati ya Novemba miche yote minne ilikuwa imelala. Dukani watu walicheka mpaka wakashika kaunta. Walimuuliza Melvina kama bangi yake wataichemsha pamoja na kabichi, maana imeshatiwa chumvi tayari. Alicheka nao, lakini nilimwona shingo imemwiva.

Kilichomchoma zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Hedley, kwa kutaka kujisafisha, alinunua vyungu vinne vipya vyeusi, vya lita ishirini vilevile. Halafu akampigia simu Trudy kumtoa wasiwasi: mama yako asikupe presha, kila kitu kizito namnyanyulia mimi. Trudy naye akampigia mama yake, akamuuliza kwa upole kama aanze kutafuta tiketi.

Nilipoingia jikoni, Hedley alikuwa amesimama amekumbatia vyungu vyake, na Melvina amesimama mlangoni pa ngazi kama askari.

"Dada, mmea hufuata chungu," Hedley alikuwa anasema. "Chungu kidogo, mmea kidogo. Kila mtu anajua."

"Kila mtu alijua ndoo pia."

"Hivi havina chumvi, sasa tatizo ni nini?"

"Tatizo wewe unapima chungu kwa mmea. Mtu anajuaje udongo umekauka chini? Anakiinua chungu. Kikiwa chepesi, mmea una kiu. Hicho chako, kikijaa maji, nani atakiinua? Nitakuwa nakuita kila asubuhi uje uniambie bangi yangu ina kiu au haina. Na jioni utampigia Trudy."

Hedley akasema yeye alitaka kusaidia tu. Melvina akamwambia msaada wake ndio unaompandisha ndege. Nilimwonea huruma yule mzee, lakini sikuwa upande wake, na nilimwambia hivyo.

Kesho yake nilimwendesha Melvina mpaka mjini kabla theluji haijafunga njia. Katika duka la vifaa vya bustani aliomba mfuko mmoja wa udongo na birika la maji. Muuzaji akadhani ni mzaha. Melvina akapanga vyungu sakafuni, akanifanya nivijaze na kuvilowesha, akaanza kuviinua, si kwa vidole bali kwa kuvikumbatia kwenye mikono, chungu kifuani. Cha lita ishirini hakikutikisika. Cha kumi na moja kilinyanyuka, ila midomo yake ikawa myeupe, akakirudisha. Cha lita saba alikiinua, akaenda nacho mpaka kwa keshia, akageuka nacho, akakiweka chini bila kumwaga tone.

"Vinne kama hiki."

"Mama, hicho ni kidogo kwa bangi," muuzaji alisema. "Wateja wangu wote wanachukua kumi na moja kwenda juu."

"Wateja wako wote wana mikono yao. Nifungie."

Mara hii ya pili, kwa mbegu zilizobaki, alianzia kwenye vikombe vya mtindi. Majani yalipopita ukingo wa kikombe, ndipo alipoihamishia miche kwenye vyungu. Februari alipunguza saa za taa ziwe kumi na mbili ili mimea itoe maua, na hapo ndipo chungu kidogo kilipodai gharama yake. Lita saba hukauka upesi. Kila asubuhi alipaswa kupanda, kuviinua vyote vinne kimoja kimoja, na siku nyingine mara mbili. Kuna asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha Trudy, mikono mapajani, analia. Akaniambia mwenyewe kwamba anaogopa Alberta kuliko kifo, kwa sababu kule atakuwa mgeni wa mtoto wake, atakaa kwenye kiti atakachoonyeshwa. Nikataka kuinua chungu kilichobaki. Akanitazama, nikakiacha.

Hedley alipigwa marufuku kupanda ngazi. Alikuja kunywa chai na kununa, na huko nje akawatangazia watu kwamba mimea ya dada yake itafanana na kotmiri. Mkaidi, alisema, hafaidi mpaka siku ya Idi. Melvina aliposikia akasema siku yake yeye ni Pasaka.

Trudy alifika Jumamosi ya Pasaka, theluji bado iko magotini. Harufu ilimpokea mlangoni kabla ya mama yake.

"Mama, umeweka bangi chumbani kwangu?"

"Chumbani kwangu. Wewe ulihama."

Tuliketi jikoni, Trudy, Hedley na mimi. Trudy alitaka kuiona. Hedley, mazoea yana taabu, akainuka kwenda kuileta.

"Kaa," Melvina alisema, na Hedley akakaa.

Akapanda peke yake. Tulimsikia juu, kisha tukasikia hatua zikishuka, moja, kituo, moja, kituo. Akatokea amekumbatia chungu, mmea umemfunika uso, maua yamenenepa. Akakiweka mezani, akarudi. Cha pili. Kwenye cha tatu alisimama katikati ya ngazi muda mrefu, kiwiko kimeegemea ukuta, na Trudy akawa ameshanyanyuka. Nikamshika mkono wa sweta, nikamwambia asithubutu. Cha nne kilipotua mezani, mikono ya Melvina ilikuwa inatetemeka waziwazi, na hakuificha.

Hedley aliitazama ile mimea, akakiri kwamba kotmiri haifiki hapo. Trudy hakuitazama. Alikuwa anaitazama mikono ya mama yake, na machozi yamemlenga.

"Haya, mama, umeshinda," alisema. "Lakini vidole havitarudi nyuma. Mwakani itakuwaje?"

Melvina alivuta kiti, akakaa, akapumua kwanza.

"Mwakani nitanunua vya lita tano."