Mfongo Mkavu wa Shirimatunda

Ipo siku moja ya Januari ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa yenyewe haikuwa na jambo kubwa. Jua lilikuwa kali, mlima umejifunua wote, nami nilikuwa nimesimama Shirimatunda, pembeni ya mji, katikati ya shamba lililokwisha kung'olewa mibuni, ramani mkononi, nabishana na mzee mmoja juu ya mtaro usio na maji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kahawa ilikuwa imewachosha watu, biashara zimefunguliwa, na kila aliyefanikiwa kidogo mjini alitaka kiwanja. Baba yangu mdogo, Melkiori, alilinunua shamba hilo akaamua kuligawa viwanja vya nyumba. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi, kwa hiyo kupanga barabara na njia za maji ya mvua akaniachia mimi. Nilikuwa kijana wa kuhoji kila kitu. Nilimhoji padre, nilimhoji mwenyekiti wa mtaa, nilimhoji hata mama yangu kwa nini mtori wa ndizi uchemke muda wote ule. Tabia hiyo sijaiacha wala siijutii. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Mtaro wenyewe ulikatiza shamba ukipindapinda kutoka upande wa mlimani hadi chini, umejaa magugu, kingoni mwake pameota masale, mimea ya majani marefu inayoheshimiwa kwetu. Ulikuwa mfongo, yaani mfereji wa wazee wetu wa kuteremsha maji ya mto hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Huu ulikuwa umekauka miaka mingi. Banio lake la kukinga maji mtoni huko juu lilibomoka, na waliokuwa wakipanda kulitengeneza walizeeka au walihamia mjini. Kwenye ramani yangu ulikuwa unakula viwanja viwili vizima. Nikaamua kuufukia, na badala yake nijenge mtaro wa zege ulionyooka, pembeni mwa shamba, hadi kwenye mpaka wa chini.

Chini ya mpaka huo alikaa Mama Yustina, mwalimu mstaafu na mjane. Alijenga nyumba yake ya tofali chumba kimoja baada ya kingine, kwa miaka ambayo hata yeye aliacha kuihesabu, na alikuwa amehamia Krismasi iliyopita tu.

Mzee aliyekuja kunizuia aliitwa Gaspari. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwisho wa mfongo ule, enzi ulipokuwa na maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia wa Melkiori?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia unataka kuuzika mfongo."

"Umeshakufa zamani, mzee. Mimi nafukia tu."

Vibarua wangu walicheka. Yeye hakucheka. "Mfongo hauzibwi, mbe," akasema, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana.

"Nani anakataza?"

"Ni mwiko. Waliouchimba hawatapenda."

"Walifariki lini hao?"

"Kabla baba yangu hajazaliwa."

"Basi kama wana pingamizi, walete barua kwa mwenyekiti wa mtaa."

Vibarua wakacheka mpaka mmoja akaangusha sepetu. Mzee Gaspari akanitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyekataa kunywa maji, akageuka, akaenda zake. Wiki hiyohiyo mfongo ulifukiwa na kushindiliwa.

Chuoni nilifundishwa kwamba hoja dhaifu hutupwa, na hoja ya wafu waliokasirika ilikuwa dhaifu. Nikaitupa. Sikufundishwa kufungua kwanza na kuangalia kama ndani yake kuna kitu kimefungwa.

Masika yakaingia. Jumapili moja ya Aprili tulikuwa tunatoka misa ya kwanza. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini mlimani kulikuwa kweusi tangu alfajiri. Unajua mvua ya huko: inanyesha huko juu Kibosho, na maji yake yanakufikia wewe nguo zako zikiwa kavu. Tukasikia mvumo. Watu wakaanza kukimbia kuelekea viwanjani, nami nikakimbia nao.

Maji yaliteremka kwa njia ileile ya mfongo, kama yalivyofanya kila masika hata baada ya yale ya mtoni kukatika. Yalipofika nilipofukia yakatawanyika, yakapita juu ya barabara yangu iliyoshindiliwa isiyonyonya hata tone, yakaingia kwenye mtaro wa zege. Ule mtaro ulifanya kazi kama nilivyoupigia hesabu. Uliyachukua yote na kuyapeleka upesi. Na pale ramani yangu ilipoishia, nao ukaishia. Zaidi ya mstari wa mpaka sikuwa nimechora kitu, kwa sababu huko hakukuwa kwetu.

Nilipofika, migomba ilikuwa imelala na mizizi yake juu. Kona ya nyumba ya Mama Yustina ilikuwa inaning'inia, udongo wa chini ya msingi umekwenda, na ufa ulipanda kutoka dirishani hadi kwenye lenta. Yeye alisimama uani na kitenge chake cha kanisani, ameshika kamba ya ng'ombe. Hakuna aliyeumia. Aliponiona alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibu, injinia. Maji yako yamefika."

Niliondoka nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Gaspari, na nakiri kwamba nilikwenda kumlaumu.

"Ulisema mwiko, ulisema wafu. Kwa nini hukuniambia kwamba maji ya mvua hupita pale?"

"Uliniuliza nani anakataza," akasema. "Nikakutajia. Ungeniuliza maji yanapita wapi, ningekushika mkono nikakuonyesha."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jani la isale. Kwetu, mtu akikuletea isale kuomba radhi, huwezi kumkatalia.

"Mimi siamini mambo haya, mzee."

"Nani amekuambia uamini? Shika, twende."

Mama Yustina alilipokea jani kwa mikono miwili. "Haya, nimesamehe," akasema. "Isale limefunga mdomo wangu. Maji hayajaliona. Nyumba yangu inangoja mvua ya kesho, na wewe unangoja nini?"

Tulianza siku hiyohiyo, Jumapili au si Jumapili. Tuliegemeza kona kwa magogo na kujaza mawe chini ya msingi, huku wengine wakiufukua mfongo. Baba mdogo alikuja akapiga kelele.

"Viwanja viwili! Kwa ajili ya mtaro mkavu!"

"Mkavu miezi kumi tu, baba mdogo."

"Hiyo ndiyo shahada tuliyokusomeshea?"

"Hapana. Hii nimeipata leo."

Ukuta uliopasuka tuliuvunja na kuujenga upya kiangazi kilipofika, na ramani nikaichora upya nikiwa na Mzee Gaspari kando yangu. Mfongo tuliuacha upinde kama ulivyotaka, kingo zake zikapandwa nyasi. Viwanja viwili vilivyopotea tulivichimba vishuke kidogo, vikawa uwanja wa mpira, ili maji mengi yakija yatulie hapo siku moja au mbili, yazame polepole. Kila nyumba ikachimbiwa shimo la changarawe la kupokea maji ya bati. Mtaro wa zege tuliuvunja, vipande vyake vikajazwa chini ya mashimo hayo.

Masika yaliyofuata nilikaa barazani kwa Mama Yustina na kikombe cha chai, nikingoja. Mlima ukawa mweusi, mvumo ukaja. Maji yaliingia uwanjani, yakatanda, kisha yakapita kando ya kihamba chake kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Aliyatazama mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama niongezewe chai.

Mwanangu, sasa nawe unaanza kazi hii ya kujenga, na sikuambii uwaamini wazee. Wazee hukosea, nami sasa ni mmoja wao. Endelea kuhoji, lakini ukipewa sababu usiyoikubali, uliza tena kwa namna nyingine kabla ya kucheka. Nenda ukatazame ardhi masika, maana kiangazi kila shamba linaonekana salama. Usiyaharakishe maji, yape mahali pa kupumzika. Na ramani yako isiishie kwenye mpaka wako. Ifuate maji mpaka ujue yanalala kwa nani.

Mungu akupe kazi nyingi na mikono ya kuzifanya. Nyumba utakazojenga zizeeke zikiwa na watu ndani. Na yule akaaye chini yako mteremkoni, Mungu amjalie miaka mingi asipate sababu yoyote ya kulijua jina lako.