Mdogo wangu Somoe, na kipande cha kanga nilichokichana nepi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mwenyewe, chumvi sijatia.

Siku ile chumbani kwetu Rasbura, Lindi, tulikuwa bibi mzaa mama, ami Selemani, wadogo zangu wawili wa kiume, jirani yetu Bi Zainabu, na mimi niliyekuwa darasa la sita. Na mwenye shughuli: mtoto wa kike wa siku saba.

Baba alishatangulia. Mama alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Bi Zainabu alikuwa na mwanawe mchanga, akawa ananyonyesha wote wawili, kulia na kushoto.

Sasa jina.

Ami akasema, "Kaja na tabu, aitwe Tabu." Kwetu majina hayo yapo tele, hakuwa na ubaya.

Sijui mdomo niliupata wapi. "Ami, tabu humu ndani zimejaa. Tukiita, itaitika ipi?"

Bibi akacheka, mara ya kwanza tangu tumzike mama. Nikasema aitwe Zainabu, jina la anayemnyonyesha.

Kwa msio wa huku: mtoto akibeba jina la mkubwa, wale wawili wanaitana somo. Na jina la mkubwa halipigiwi kelele uani. Utafokaje "We Zainabu, kikojozi we!" na mwenyewe yupo anasikia? Basi mtoto tunamwita Somoe. Ukisikia Somoe, jua nyuma yake kuna mama mwingine. Ndiyo maana sijaona jina linalolizidi.

Bi Zainabu akaleta doti mpya ya kanga, nyekundu, yenye michoro ya korosho pindoni, akaikata katikati. Kipande kimoja akamfunika mtoto.

"Hiki kingine nakaa nacho. Somo yangu akizaa, tuviunganishe tumpokee mwanawe."

Mwaka uleule Bi Zainabu na watu wake wakahamia Kiswere. Mimi shule nikaacha, nikawa mama wa watatu.

Masika ikaingia. Nguo hazikauki, nepi hakuna. Nikaichana ile kanga vipande vinne.

Mwezi uliopita Somoe, sasa mwalimu huko Milola, kajifungua binti. Salamu zikaja kutoka Kiswere: "Mje na kipande."

Nilikosa raha, wakuu. Nikaenda peke yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikasema yote nikiangalia mkeka.

Bi Zainabu akafungua sanduku. Chake bado chekundu.

"Ulitaka mtoto akojolee majani?" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akatulia. "Kanga mmeilipa kwa mikojo. Maziwa yangu je?"

Akakikunja kipande chake, akakirudisha sandukuni.

"Arobaini ikiisha mleteni nimpakate. Jicho moja limeshaziba, hili lingine silidhamini."

Nilichojifunza: majina mazuri ya mtandaoni ni mengi, lakini jina la mtu huja na mtu wake. Usilichukue ukamwacha mwenyewe.

Wenye somo zenu humu, mara ya mwisho mlikwenda kuwaona lini? Semeni tu, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kwetu arobaini imebaki siku kumi na moja. Mtoto tutampeleka. Maziwa ndiyo sijui nitayalipa kwa nini.