Gadi Iliyofunikwa Blanketi

Huku kwetu Merigi stima hupotea ikiwa imenuna na hurudi ikiwa imekasirika. Asubuhi jua linawaka, tunachuma majani chai bila wasiwasi. Baada ya chakula cha mchana wingu linajikusanya upande wa Kericho, radi inaanza kunguruma, na kila boma unasikia amri ni ile ile: chomoa. Televisheni, redio, chaja ya simu, chochote chenye waya kinachomolewa. Nyumbani kwetu kamanda wa kazi hii ni baba. Yeye akishachomoa, anafunika. Televisheni anaitupia blanketi, kioo cha kujitazamia anakigeuza kitazame ukuta, na redio yake anaisukuma chini ya kitanda mpaka ndani kabisa, mahali hata paka hafiki.

Simlaumu. Televisheni yetu ya kwanza ilitoa moshi katikati ya taarifa ya habari, stima iliporudi kwa fujo, na baba aliomboleza kama amefiwa na ng'ombe wa maziwa. Tangu siku hiyo hamwamini mtu yeyote aliyepanda juu ya nguzo ya stima.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilipouza cherehani yangu ya miguu na kununua ya stima, nilinunua na gadi. Hicho ni kisanduku kidogo cheupe: unakichomeka ukutani, halafu mashini unaichomeka kwenye hicho kisanduku. Stima ikija na wazimu wake, gadi inaizuia hapo hapo. Stima ikitulia, gadi inasubiri kidogo, ndipo inairuhusu ipite. Nilimweleza baba haya yote, kwa sababu alikuwa ananichomolea mashini kila wingu likipita, hata nikiwa katikati ya mshono. Tuligombana sana. Mwisho nikamwambia mashini yangu asiichomoe tena, iko salama, na gadi yenyewe ni kitu cha maana, si cha kuchezewa. Baba aliipokea gadi kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akasema amesikia. Kumbe alisikia kweli.

Basi mdogo wangu akapata mchumba, na koito ikapangwa Jumamosi. Koito ni siku watu wa kijana wanapokuja kwa kina msichana kuongea mambo ya mahari, na siku hizi huwezi kuifanya bila sare. Shangazi zetu walitaka kitenge cha aina moja lakini kila mmoja mshono wake, na kila mmoja alinitajia kiuno alichokuwa nacho akiwa msichana. Nilishona mpaka mgongo ukakataa. Ijumaa mchana lilibaki gauni moja tu, la mdogo wangu mwenyewe, halina mikono wala pindo. Lisipokwisha, angewapokea wakwe na gauni lile la kanisani ambalo kijana alishaliona kwenye kila picha aliyotumiwa. Mdogo wangu alisema ikifika hapo, afadhali ajifungie chooni mpaka wageni warudi kwao.

Wingu likaja kama kawaida. Stima ikapotea. Nikaenda jikoni kunywa chai na shangazi, nikasubiri irudi. Radi ilipozidi, shangazi mkubwa aliinuka, akapaka shoka majivu, akalitupa nje kwenye mvua. Ukoo wetu unasemekana ni ndugu wa radi, kwa hiyo mtu wetu akitupa shoka na kuiambia inyamaze, hapa ni kwao, inatakiwa inyamaze. Radi ikalipuka mpaka sufuria zikacheza. Shangazi alitueleza kwamba haikumsikia vizuri kwa sababu ya mvua ya mawe kwenye mabati.

Mara stima ikarudi. Balbu ya jikoni ikawaka nyeupe, ikazidi kuwa nyeupe, halafu ikapasuka. Sebuleni kitu kikalia pu, na harufu ya mpira ulioungua ikatufikia kabla hatujasimama.

Nilikimbia. Mashini yangu ilikuwa inatoa moshi mwembamba ubavuni, na waya wake ulikuwa umechomekwa moja kwa moja ukutani. Gadi haikuwepo. Baba alikuwa amekaa kando, ametulia kabisa. Nilipomwuliza gadi iko wapi, aliinua ncha ya blanketi la televisheni, akanionyesha. Ilikuwa imelala humo, imefungwa kwa taulo kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Baba, umeikinga gadi?"

"Ndiyo," akasema. "Na imepona."

Akanieleza bila haraka. Nilimwambia gadi ni kitu cha maana, si cha kuchezewa, naye angewezaje kuiacha ukutani radi imalize kila kitu? Ilibidi aiondoe. Lakini pia nilimkataza kuchomoa mashini, kwa hivyo baada ya kuondoa gadi aliirudisha mashini ukutani, kama nilivyosema. Alikuwa ametii kila neno langu. Nilitafuta mahali pa kuanzia kumgombeza nikapakosa.

Mdogo wangu aliingia, akaona moshi, akakaa sakafuni na gauni mapajani, akaanza kulia. Hapo ndipo hasira ilinishika kweli. Nikamwambia baba kwamba kesho akiulizwa na wakwe kwa nini binti yake hana nguo, awaletee gadi waione. Aliangalia mikono yake.

Ile cherehani ya miguu ilikuwa imeshaenda Sigowet na aliyeinunua, na nje mawe yalikuwa bado yanaanguka. Nikafungua mkanda wa mota iliyoungua, nikajaribu gurudumu la pembeni kwa mkono. Sindano ikapanda na kushuka. Shida ni kwamba kitenge kinahitaji mikono miwili, na gurudumu linataka wa tatu. Shangazi mkubwa akajitolea. Alilizungusha kama anasaga wimbi, sindano ikakosa kidole changu kwa unywele tu, nikamwomba arudi akaangalie chai.

Baba akakunja mikono ya shati, akavuta kigoda, akakaa kando yangu. Mzee mwenye boma, kwenye cherehani. Shangazi walicheka mpaka wakashikana mabega, mmoja akamwuliza kama na yeye apimwe kiuno. Hakuwatazama. Alizungusha vizuri, sawasawa, akasimama kila nilipoinua kidole. Mkono wa kwanza ukaisha, na wa pili. Mdogo wangu alipangusa machozi, akaja kutumulikia kwa simu.

Tulipofika kwenye pindo, baba akaanza kwenda polepole. Nilidhani amechoka. Kadiri tulivyosogea ndivyo alivyozidi kupunguza, mpaka sindano ikawa inafikiria kabla ya kushuka.

"Baba, ongeza mwendo kidogo. Tumebakisha hapa tu."

Hakuinua macho. "Tukimaliza hapa," akasema, "mdogo wako ataenda."

Mwangaza wa simu ukaanza kutikisika juu ya kitambaa. Shangazi wakaacha kucheka. Nikashika pindo, nikamwacha azungushe anavyotaka.