Kidomo na Barua ya Kuombea Chuo

Jina la Kidomo alipewa na mjomba wake, na halikuwa jina la mapenzi. Ukimwambia binti yule neno moja alirudisha mawili, na la tatu alibaki nalo usoni. Mama yake alipofariki, mjomba mtu ndiye aliyemchukua na kumleta kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana yake ya kuchomelea vyuma, pale mageti na madirisha ya mtaa mzima yalipotengenezwa. Baba alikuwa ameshaondoka zamani, bila hata kuaga. Kwa hiyo Kidomo alikula, akavaa na akasoma kwa jasho la mjomba, na haikupita wiki bila kukumbushwa hivyo.

Alipomaliza sekondari, alama zake za fizikia na biolojia zilitoka nzuri kuliko nyumba nzima ilivyotarajia. Mjomba alikuwa ameshakata shauri kichwani mwake: asomee uhasibu, kisha akae kwenye kibanda cha karakana awashughulikie wateja. Kidomo akasema yeye anataka kwenda chuo kikuu kusomea radiografia. Walikuwa mezani, mchana, na kijiko cha mjomba kikabaki hewani.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kupiga picha za eksirei, mjomba. Hospitalini."

Mkaza-mjomba, ambaye hakumtaka mle ndani tangu siku ya kwanza na wala hakuficha, alicheka puani. Kesho yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti wa wifi yake anataka kuwa mpiga picha, mwenye harusi asisite kumwita. Alijua vizuri kabisa eksirei ni nini. Alifanya kusudi, na Kidomo akajua kwamba amefanya kusudi, na wakaendelea kuosha vyombo kwenye beseni moja bila kutazamana.

Chuo kilitaka vyeti vyake, cha kuzaliwa kikiwemo. Kilitaka uthibitisho kwamba mwombaji ameshinda siku nzima kwenye chumba cha eksirei akaona kazi yenyewe inavyofanyika. Na kilitaka barua ya kujieleza: kwa nini unataka kazi hii na si nyingine. Kidomo aliiandika barua hiyo asubuhi moja, akaipeleka kwa mwalimu wake wa zamani wa fizikia, mwanamke mkavu ambaye wanafunzi walisema hata chaki ilimwogopa.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alimrudishia karatasi kama mtu anayerudisha sahani chafu.

"Umeandika kwamba tangu utotoni ulikuwa na ndoto ya kuwasaidia wagonjwa. Nani kakwambia uandike hivi?"

"Ndivyo wanavyoandika wote, mwalimu."

"Basi wote watakataliwa pamoja. Mimi nimekufundisha miaka minne, sijakuona hata siku moja ukimwazima mwenzako rula. Leo unaota wagonjwa?" Akafungua mlango. "Rudi na sababu ya kweli. Kama huna, kasomee huo uhasibu."

Kidomo aliondoka. Matusi alikuwa ameyazoea, hayakumsumbua. Kilichomuuma ni kwamba sababu ya kweli alikuwa nayo, na alikuwa ameizunguka kwa makusudi, kama mtu anavyozunguka shimo la njia anayoijua.

Wiki iliyofuata alikwenda hospitali kushinda kwenye chumba cha eksirei. Mkuu wa chumba kile aliitwa na wenzake Usitikisike, kwa sababu ndilo neno alilowaambia wagonjwa kutwa nzima. Alimpokea Kidomo kama inavyopokelewa mvua ya siku ya kuanika. Alimpa aproni nzito ya risasi, ya kukinga mionzi, akamwonyesha pembe nyuma ya kioo na kumwambia asimame hapo, asiguse kitu, na asimsemeshe mpaka asemeshwe.

Kidomo akasimama. Aliona kumbe kazi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kuwapanga watu. Mzee mwenye nyonga mbovu aligeuzwa pole pole huku amewekewa mto chini ya goti. Mtoto aliyemeza sarafu alishikiliwa na mama yake, naye mama akavishwa aproni. Vuta pumzi, ishike, usitikisike, haya pumua. Picha ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, mifupa myeupe ndani ya kijivu, na Usitikisike akaitazama kwa kununa, kana kwamba nayo imemkosea.

Kabla ya saa sita akaingia mwanamke ameushika mkono wake wa kulia, na mume wake nyuma yake. Kila alichoulizwa mwanamke, mume alijibu. Ameteleza bafuni. Jana. Hapana, hana mimba. Usitikisike akamwambia mume atoke nje, mionzi haina adabu, haijui mgeni na mwenyeji. Mume akagoma. Usitikisike akakunja mikono na kusema basi picha haipigwi, wakae hapo mpaka jioni. Mume akatoka akiwa amevimba.

Picha ilipotoka Usitikisike hakumwuliza mwanamke kitu. Alimsaidia kushuka, akamkalisha, kisha akaja nyuma ya kioo na kumpigia daktari simu. Alimwambia kwamba maelezo na picha havifanani, na kwamba aongee na mgonjwa peke yake kabla ya kumruhusu aende.

Kidomo akashindwa kujizuia. "Na daktari asipomwuliza?"

"Nitampigia tena."

"Na wewe usingepiga kabisa?"

Usitikisike akamkata jicho. "Umekuja kujifunza au kunihoji?" Akageukia mashine, halafu akajibu hivyo hivyo, mgongo ukiwa umemwelekea. "Wengi hawapigi. Picha imetoka, imetumwa, ita mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

Jioni alimsainia karatasi yake bila kumtazama, akamwambia anauliza sana na atawachosha watu huko aendako.

Njiani kurudi nyumbani Kidomo alitembea haraka, na hasira ikatembea naye. Akiwa darasa la tatu, alimwaga rangi juu ya geti la mteja. Mjomba alipomgombeza alijibu. Mjomba akamshika kifundo cha mkono wa kushoto, akauzungusha nyuma, akamwambia arudie alichosema. Kidomo akarudia. Mkono ukazungushwa tena, na mfupa wa juu ukalia kama kijiti kikavu. Ni mjomba huyo huyo aliyembeba mgongoni na kukimbia naye mpaka hospitali, akihema na kutetemeka. Pale alisema mtoto ameanguka ngazini. Nyumba yao haikuwa na ngazi hata moja.

Mpiga eksirei wa siku ile, mwanamke mwenye aproni ya risasi, aliitazama picha, akamtazama mtoto, akamwuliza kwa sauti ya chini nani alimshika. Kidomo akasema alianguka ngazini. Yule mwanamke akaiweka picha kwenye bahasha. Kisha akafungua mlango na kumwita mgonjwa mwingine.

Miaka yote Kidomo alidhani anamkumbuka mwanamke yule kwa wema, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyeuliza. Sasa, akipita kando ya mtaro jioni ile, aligundua kwamba anamchukia. Aliona, akajua, akaita mwingine.

Akaandika barua upya. Haikumchukua muda.

Kikabaki cheti cha kuzaliwa. Kilikuwa ndani ya kabati la chuma ambalo mjomba alilichomelea mwenyewe, na ufunguo haukutoka mfukoni mwake. Jumapili baada ya chakula Kidomo alikiomba. Mjomba akasema hatoi karatasi kwa jambo asilolijua, asomewe kwanza hicho anachokwenda kuwaambia watu wa chuo. Ndani ya mkoba wake Kidomo alikuwa nazo barua mbili, ile ya ndoto na ile ya kweli. Angeweza kabisa kuitoa ile ya ndoto, mjomba akatabasamu, kabati likafunguliwa, na kila mtu akaenda kulala usingizi wa mchana. Aliitoa ya pili.

Alisoma bila kuinua macho. Barua ilisema kwamba akiwa mtoto alivunjwa mkono na mtu mzima wa nyumbani kwao, kwamba aliyempiga picha aliutambua mvunjiko ule na hakufanya kitu, na kwamba yeye anataka kukaa kwenye kiti kile kile ili afanye kile ambacho yule hakufanya.

Mkaza-mjomba alikuwa akikusanya sahani. Aliziweka chini zote kwa mara moja.

"Nani alikubeba mgongoni?" Mjomba aliuliza taratibu.

"Wewe."

"Nani alikimbia na wewe mpaka hospitali? Nani amekulisha?"

"Wewe, mjomba. Na nani aliuvunja?"

Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa. Mjomba alimtazama Kidomo, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, yenye makovu ya cheche, kisha akaificha chini ya meza. Kwa kitambo Kidomo alifikiri atasema kitu kingine. Lakini alichosema ni hiki: "Futa."

"Sifuti."

"Basi hicho cheti utakiona nikifa."

Akaondoka kwenda karakanani, Jumapili, siku ambayo hakuwa akifanya kazi, na baada ya muda kidogo mashine ya kukatia chuma ikaanza kupiga kelele hadi majirani wakafunga madirisha.

Siku zilizofuata Kidomo aliishi mle ndani kama moshi. Salamu yake haikuitikiwa. Chakula aliachiwa ukoko sufuriani. Binamu zake walikatazwa kumsogelea, na mtaani mjomba akasambaza kwamba amefuga nyoka, mpwa wake anataka kumfunga jela kwa jambo la kitoto lililopita. Watu waliokuwa wakimchekea Kidomo dukani wakaanza kumpa bidhaa bila neno. Naye hakuinamisha kichwa. Alipita katikati yao ameuma meno, na usiseme hakuumia.

Siku moja mjomba akiwa amekwenda kufunga geti mtaa wa mbali, mkaza-mjomba aliingia chumbani bila kubisha na kurusha bahasha kitandani. Ndani kulikuwa na cheti. Kabati alikuwa amelivunja kwa patasi ya mume wake.

"Chukua uende."

"Mjomba akijua?"

"Atajua ukishaondoka. Na usinishukuru, sikufanyii wema. Nimechoka kutazamwa kila siku kana kwamba mimi ndiye niliyekushika."

"Siku ile ulikuwa umesimama mlangoni," Kidomo akasema.

"Nilikuwa na mimba kubwa. Ningefanya nini?"

"Siku ile, hakuna. Ila kesho yake ungesema. Au mwaka uliofuata."

Mkaza-mjomba akachukua begi lililokuwa juu ya kabati la nguo, akalitupa karibu na bahasha, akatoka. Kidomo alipopita jikoni na begi lake, yule mama alikuwa akichambua mchele, na hakuinua uso.

Alikwenda kwa mwalimu wa fizikia kwa sababu hakuwa na pengine. Mwalimu alimwonyesha stoo yenye godoro, akamwambia vyombo huoshwa papo hapo na hataki kilio nyumbani kwake. Kisha akaisoma barua, safari hii ameketi. Alikata neno moja tu, mahali ambapo Kidomo alikuwa ameandika "katili".

"Hili la nini? Kilichotokea kinatosha."

Maombi yalikwenda, na baadaye akaitwa kwenye usaili. Watatu walikaa upande mmoja wa meza, na wa katikati, daktari mwenye nywele za mvi, alikuwa na barua ile mbele yake. Alisema ameisoma zaidi ya mara moja na haimpendezi. Imejaa hasira, na wagonjwa hawaji hospitali kutafuta hasira.

"Mgonjwa hataiona," Kidomo akajibu. "Ataiona daktari asiyepokea simu."

Mmoja wa wale watatu alicheka. Wa katikati hakucheka. Alimwuliza maswali ya fizikia mpaka jasho likamtoka, akamwuliza tena yale yale kwa kuyageuza, na alipomruhusu kuondoka hakumpa mkono. Kidomo alitoka akiwa na hakika kwamba mdomo umemponza kwa mara nyingine. Jina lake likatoka kwenye orodha ya waliochaguliwa.

Mjomba hakuja kumwona chuoni, wala hakutuma salamu. Binamu mmoja alimpigia simu kumwambia kabati limechomelewa upya na kwamba mkaza-mjomba alisusiwa mwezi mzima, kisha maisha yakaendelea. Kidomo alisikiliza. Alitaka kuuliza kama mkaza-mjomba aliguswa, akauliza, na binamu akasema hapana, hakuguswa. Alimwuliza mara ya pili ndipo akaamini.

Mwaka wa pili akiwa kwenye mafunzo hospitalini, chini ya macho ya msimamizi, aliletewa mzee aliyeumia mguu. Mzee akamtambua. Alikuwa mteja wa karakana. Akaanza kumsimulia jinsi mjomba wake anavyojivuna kwa kila anayefika kununua dirisha, kwamba mpwa wake anasomea mambo ya mifupa, na kwamba alijinyima yeye mwenyewe ili binti afike pale.

"Umshukuru sana, mwanangu," mzee akasema. "Siku hizi wajomba wa namna hiyo hawapo."

Msimamizi alikuwa anasikiliza. Kidomo alimjibu mzee kwamba yeye na mjomba hawasemezani tangu alipoondoka nyumbani, na kwamba akitaka kujua sababu, geti likiharibika tena akamwulize mwenyewe. Mzee akatazama ukuta.

Kidomo akainama, akamwomba avue kiatu.