Muhuri wa Ohio

Mbuzi dume aliyetumbukia chooni kule kambini Kigoma ndiye aliyenifundisha kuziba pua. Magogo yalikuwa yameoza, yeye akapita juu na ndevu zake za kiburi, akaenda zake chini. Kumtoa kulitushinda. Harufu ile, jamani, ilikaa kwenye blanketi, kwenye ugali, hata katikati ya sala unaisikia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kutapika nilifuzu.

Basi aliyetujengea choo kipya alikuwa kijana mnyamavu, anakanyaga kila gogo kwa nguvu kabla hajaruhusu mtu apite. Dada yangu akamtazama anavyokanyaga, akampenda. Baadaye wakaoana, wakarudi Bujumbura, shemeji akasomea uhandisi, akasimamia madaraja. Ghasia zikawarudisha kambini, halafu ndege ikatuleta sote Marekani, Louisville, jimbo la Kentucky.

Huko kichefuchefu kikanirudia, na mbuzi hayupo. Shemeji alidhani ataendelea na kazi yake. Wapi! Marekani kila jimbo lina bodi yake ya wahandisi. Ile ya Kentucky ikataka shahada yake ipimwe somo kwa somo, kana kwamba nondo za Burundi ni mabua ya mtama. Akawa anapakia maboksi ghalani huku anangoja majibu.

Ofisi moja ya Columbus, jimbo la Ohio, ikampa kazi ya kuchora, wakahamia mtaa wa Linden. Mimi nikaja huku Buffalo, nilisikia nyumba ni rahisi, baridi hawakunisimulia. Huko Ohio ikawa mtihani, halafu mtihani mwingine, halafu miaka ya kufanya kazi chini ya mwenye leseni, halafu wahandisi waandike kwamba wanaujua utendaji wake. Waliomjua vizuri walishazikwa Burundi. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, anabembeleza saini kwa vijana wanaotafuna bazoka! Lakini akaipata: leseni, na muhuri wenye jina lake wa kugonga kwenye michoro. Nilipanda basi kwenda kula pilau, nikalegeza mkanda.

Figo za dada zikaanza kumsumbua, akataka ndugu karibu. Wakaja West Side, mtaa wetu hapa Buffalo. Bodi ya New York, jimbo letu, ikamwambia muhuri ule haufanyi kazi hapa, aombe upya. Mtu yule yule, kichwa kile kile! Nilitaka kutema mate.

Akaomba. Akiwa bado anangoja, kanisa letu likanunua nyumba kuukuu ya mbao, sakafu imenepa katikati. Halmashauri ya mji ikataka mhandisi aithibitishe kwa muhuri kwanza. Wazee wa kanisa tukamwita jikoni.

"Injinia, gonga muhuri, Pasaka tuabudu," akasema mkubwa wetu.

"Ni wa Ohio, mzee wangu. Nikiugonga hapa nitanyang'anywa leseni."

"Kwani sakafu inajua Ohio?"

"Bodi inajua. Tafuteni mhandisi wa hapa, mimi nitamsaidia kupima."

"Tukamtafute mzungu, na wewe tunakuita Injinia kila Jumapili? Maandishi ya muhuri yenyewe madogo, nani atasoma?"

Mwingine akapangusa mafuta ya sambusa kidevuni. "Kumbe injinia wa mdomo!"

Wakacheka, watu wa Mungu hao, meno yote nje. Nikairudisha sambusa yangu sahanini. Bodi tatu hazikunichefua kama kicheko kile.

Shemeji alivaa koti, akafunga zipu mpaka shingoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Kanisani kwetu hakukanyaga tena.